Mwaka Walioniita Miezi Miwili

Tulipomaliza kumzika Mama Fadhila, mwenye nyumba wangu wa zamani pale Ruangwa, watu walirudi uani kwake kunawa mikono na kusubiri chakula. Kijana mmoja aliyekuwa akigawa sahani alinikazia macho, akamgeukia mwenzake na kumnong'oneza, "Huyo ndiye Miezi Miwili." Wakacheka wote wawili huku wameinamisha vichwa, kwa adabu ya msibani. Mwaka ninaousimulia hapa kijana yule alikuwa bado hajazaliwa, au kama alikuwa amezaliwa basi alikuwa mgongoni kwa mama yake. Sidhani kama anajua jina lile lilitoka wapi. Amelikuta tu, kama alivyoikuta njia ya kwenda kisimani. Nilipokea sahani yangu ya wali, nikasema ahsante, na masikio yakaniwaka moto. Kichwa changu kimejaa mvi, nimekuwa mkuu wa shule mbili, nimebakiza miaka michache nistaafu. Lakini nikilisikia jina lile narudi kuwa mwalimu kijana wa jiografia, ninayepita sokoni kwa kuinamisha kofia, nikiomba Mungu muuza nyanya awe ameangalia upande mwingine.

Nilipangiwa Ruangwa nikitokea Njombe, mwanzoni mwa mwaka 2003. Watumishi wengi tuliokuwa pale tulikuwa wa kuja: nesi wa Bukoba, bwana kilimo wa Singida, walimu wa kila upande. Tulijuana kwa kukutana kwenye lori siku za kwenda benki Nachingwea. Mama Fadhila alinikodisha chumba kimoja katika nyumba yake ya matofali ya udongo. Kuta za ndani hazikufika kwenye bati, zilikomea usawa wa mtu aliyenyoosha mkono, kwa hiyo neno lililosemwa chumba hiki lilipanda, likavuka, likashuka chumba cha pili likiwa zima. Nilijua nani ana kikohozi, nani amegombana na mumewe, mbaazi za leo zimeungwa kwa nazi au hazikuungwa. Mama Fadhila alinipikia jioni, ugali wa muhogo na kisamvu kilichotwangwa hadi kikawa laini kama uji, na mimi, niliyezoea ugali wa mahindi na maharage, nilichukua wiki kadhaa kuuzoea ule mvutano wa muhogo mkononi. Aliniangalia ninavyouhangaikia, akacheka. "Kula, mwanangu, utaumudu. Watu wa kwenu wote huanza hivyo hivyo." Hakunizidi hata miaka kumi, lakini aliniita mwanangu, na mimi nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni.

Nilikuwa na redio ya betri iliyoshika vizuri masafa mafupi, na ilikuwa ndiyo fahari yangu. Katikati ya mwaka ule nilisikia kwamba Wamarekani wamerusha magari mawili madogo yasiyo na dereva kwenda sayari ya Mars, ile ambayo vitabu vya zamani vinaiita Mirihi, na kwamba yangefika huko baada ya nusu mwaka. Siwezi kueleza habari ile ilivyonishika. Labda ni kwa sababu nilikuwa mgeni mahali pale, nami nilikuwa nimesafirishwa mbali na kuwekwa kwenye udongo mwekundu nisioujua. Niliingia kidato cha tatu nikaacha somo la mito, nikawaeleza. Niliwaambia ni nchi ya vumbi jekundu na mawe, haina mvua, hewa yake ni nyepesi mno hata mapafu hayawezi kushiba, na baridi yake ya usiku inaua. Baridi ndiyo ilinishinda kuifafanua. Nikawaambia kwamba kwetu Njombe, mwezi wa saba, asubuhi unaamka unakuta sakitu, umande umeganda juu ya majani, ukikanyaga unalia chini ya kiatu. Basi huko sakitu ya kwetu ingekuwa joto. Darasa zima lilinitazama kama watu wanaodanganywa vizuri. Msichana mmoja tu, Skolastika, aliyekaa karibu na dirisha, aliuliza, "Sasa ticha, hayo magari yakipata baridi hiyo hayazimiki?" Nilimwambia yana vipasha joto ndani, kama mtu anayelala na jiko chumbani. Akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo kila nilipoingia aliuliza magari yamefika wapi.

Skolastika alikuwa akiishi kwa shangazi yake pale mjini, lakini kwao hasa ni Mbekenyera, alikolelewa na babu yake, Babu Damasi. Niliyoyasema darasani aliyapeleka Mbekenyera kila mwisho wa wiki, na maswali ya babu aliyaleta Jumatatu. Mzee yule, alivyonieleza, alikuwa mbishi wa kutupwa. Ujanani alifanya kazi Nachingwea wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza, akiwa utingo wa katapila, na tangu hapo hakuna mashine iliyotajwa mbele yake asiyotaka kuijua. Sasa macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. "Anasema nyota zilishamkimbia," Skolastika aliniambia, "lakini mwezi bado anauona."

Mwezi wa nane mwanzoni nilikwenda Masasi kwa shughuli zangu, nikaingia chumba kimoja cha intaneti, pengine ndicho pekee kilichokuwepo pale. Ulilipia nusu saa, na mashine ilimaliza sehemu kubwa ya nusu saa hiyo ikifikiria. Rafiki yangu wa chuo alikuwa amenitumia ujumbe wa Kiingereza uliokuwa ukizunguka dunia nzima siku zile. Ulisema Mars inaikaribia dunia kuliko ilivyowahi kukaribia kwa maelfu ya miaka, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba mwishoni mwa mwezi ule itaonekana kubwa kama mwezi mpevu. Niliusoma haraka, kijana mwenye mashine akiwa amesimama nyuma yangu akiangalia saa. Niliporudi Ruangwa nilikuwa siwezi kukaa. Nilimwendea mkuu wa shule nikamwomba tuwaite wazazi, waje uwanjani jioni hiyo ya mwisho wa mwezi waione sayari yenyewe, na mimi niwaeleze habari za magari yaliyokuwa njiani. Mkuu alifikiri kidogo akiwa ameshika kidevu. Alikuwa na shida ya miaka mingi ya wazazi waliowatoa mabinti shule na kuwaoza. "Wakija wakaona kitu kama hicho kwa macho yao," alisema, "wataona shule ina faida. Waite." Ikatangazwa kanisani, ikatangazwa msikitini, wanafunzi wakaipeleka Nandagala na Chinongwe. Sokoni watu walinisimamisha. "Mwalimu, kwa hiyo kutakuwa na miezi miwili?" Nikajibu, kwa kujiamini ambako hata leo kunanifanya nifumbe macho, "Miwili. Mmoja wetu, mmoja mwekundu."

Walikuja. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile kwenye uwanja wa shule, hata siku za mpira. Kina mama walitandika khanga na mikeka, wengine walileta sufuria za ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, wakawa wanauza kwa chumvi na pilipili. Wazee waliletewa viti vya darasani. Mkuu wa shule alivaa suti. Mwezi wetu wenyewe haukuwepo jioni ile, nami niliona ni bahati, kwamba anga limeachwa tupu kumpisha mgeni. Nikiwa napita katikati ya watu kama bwana harusi nikamwona Skolastika anasukuma baiskeli, na juu ya keria ya nyuma amekaa mzee mrefu mwembamba aliyevaa koti zito, mikono imeshika tandiko. Walikuwa wametoka Mbekenyera tangu jana yake na kulala kwa shangazi. Nilimwamkia. Akanishika mkono, asiuachie. "Wewe ndiye mwalimu wa magari," alisema, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa Kimwera. "Nimekuja. Mtu akisema kitu ni kikubwa kama mwezi, hicho ni changu mimi, hata kwa macho haya."

Jua lilizama, giza likaingia, na upande wa mashariki, juu kidogo ya mikorosho, ikatokea nyota nyekundu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kali kuliko nyota yoyote niliyopata kuiona, imetulia, haimetameti, kama kaa la moto lililoachwa peke yake jikoni. Kama ningewaambia watu waje waone nyota nyekundu inayozishinda zote, wangekuja wachache, nao wangerudi wameridhika. Lakini niliwaahidi mwezi. "Ndiyo hiyo?" mtu aliuliza. "Hiyo si nyota?" Nami, badala ya kuinua mikono na kusema kwamba nimekosea, nilipaza sauti, "Subirini! Ndiyo kwanza inapanda!" Nilikuwa naamini. Nilifikiri itavimba kadiri inavyopanda. Wakasubiri. Watoto wakaanza kulia usingizi, ming'oko ikaisha kwenye sufuria, na ile nyota ikapanda, ikawa nyota ile ile. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, taratibu, kwa upole wa kuchoma: "Mwalimu, au mpaka tuulipie?" Kicheko kilianzia pale kikasambaa uwanja mzima, kicheko cha watu waliotembea kilomita nyingi na ambao sasa wana kilomita zile zile za kurudi.

Nilirudi nyuma, nikitafuta pa kusimama pasipo na mtu, nikajikuta nyuma ya kiti cha Babu Damasi. Hawakujua kama nipo. Mzee alikuwa ameinua uso, lakini ameuelekeza kusini kabisa, kwenye giza tupu. "Skola," alisema, "watu wanacheka nini? Umetoka?" Msichana yule alitazama mashariki, akatazama umati. Kisha akaweka viganja vyake viwili kwenye mashavu ya babu yake, akaugeuza uso wake polepole hadi ukaelekea kwenye ile nyota. "Umetoka, babu. Wanacheka kwa furaha." "Mkubwa?" "Mkubwa." "Mwekundu?" "Mwekundu kama udongo wa shamba letu." Mzee aliuacha uso wake pale pale. Alikuwa hatikisiki. "Naam," akasema mwishowe. "Nauona."

Aibu ya kuchekwa na uwanja mzima ni kama kumwagiwa maji: unalowa, unakauka. Ile iliyoniingia nilipokuwa nyuma ya kile kiti haikukauka. Usiku ule nilipolala niliwasikia wanawake uani kwa Mama Fadhila, sauti zao zikivuka juu ya ukuta kama kawaida. "Mpangaji wako, dada, ule mwezi wa pili ameuweka wapi?" "Labda kaufungia chumbani." "Basi mwambie auzime, atatumalizia mafuta ya taa." Wakacheka hadi wakakohoa. Mama Fadhila akasema, "Mwacheni. Kijana wa watu, mbali na kwao." Nilivuta shuka usoni. Dhihaka zao ningezivumilia. Lile neno la huruma ndilo lililonimaliza.

Jina likazaliwa kabla wiki haijaisha. Muuza nyanya aliniuliza kama fungu langu anihesabie moja au mawili, maana kila kitu kwangu ni viwili. Wengine walisema maana yake ni kwamba sitamaliza miezi miwili sijaomba uhamisho. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango, na hakunigombeza. Alisema tu, akiangalia nje dirishani, "Mwalimu, mimi nawabembeleza hawa watu nyumba kwa nyumba. Siku moja wamekuja wote. Wamerudi na nini?" Wiki zilizofuata wasichana wawili wa kidato cha pili hawakuonekana tena darasani. Sijui kama ilihusiana. Mkuu hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Niliporudi Masasi nililipia nusu saa nyingine, nikausoma ule ujumbe taratibu. Haukusema nilivyosema. Ulisema ukiitazama Mars kwa darubini, ndani ya darubini hiyo itafikia ukubwa wa mwezi unavyouona kwa macho matupu. Nilikuwa nimeikata sentensi katikati. Mimi niliyewachapa watoto kwa kutosoma swali hadi mwisho.

Niliacha kwenda sokoni. Niliacha kukaa uani jioni. Nilimwomba Mama Fadhila aniletee chakula chumbani, na yeye akakileta bila neno, akakiweka juu ya kijimeza na kufunga mlango kama mtu anayehudumia mgonjwa. Darasani nilifundisha kilichoandikwa kitabuni, nikaishia hapo. Msimu wa korosho ukaja, mji ukajaa magunia na wanunuzi na kelele, ukaisha. Mvua zikaanza. Ikaingia Januari ya mwaka 2004, na asubuhi moja nikiwa nanyoa ndevu redio ikasema gari la kwanza limetua. Nilisimama na povu shavuni. Walisema lilidondoshwa likiwa limezungukwa na mifuko ya hewa, likadunda na kudunda juu ya mawe kama mpira hadi lilipotulia, kisha mifuko ikanywea, gari likajifungua kama ua, likapiga picha na kuzituma nyumbani. Picha za udongo mwekundu na mawe hadi mwisho wa macho. Nilitamani kumshika mtu mkono. Nilisikia Mama Fadhila anafagia nje ya mlango wangu, fagio likipita na kurudi, na nikanyamaza. Kwani ningemwambia nini? Kwamba safari hii ni kweli?

Nilikwenda nikafundisha Bonde la Ufa. Kipindi kilipoisha Skolastika, aliyekuwa sasa kidato cha nne, alibaki mlangoni. "Ticha, yamefika?"

"Yamefika nini?"

"Magari."

Nilipanga chaki kwenye boksi. "Limefika moja. La pili litafika mwezi huu huu."

"Mbona hukusema?"

Nilifunika boksi, naye hakungoja sana. "Babu kanituma," alisema. "Anataka uje umweleze mwenyewe. Anasema wewe ulianza, wewe umalize."

Jumamosi nilipanda lori la kwenda Mbekenyera. Mvua ilikuwa imeilainisha njia ikawa kama ugali usioiva, tukashuka kusukuma mara kadhaa, na nilifika nimepakwa tope jekundu hadi kiunoni. Babu Damasi alikuwa barazani kwake, na hakuwa peke yake. Alikuwa ameita majirani. Walijaa benchi, na wengine walichuchumaa ukutani. Kati yao alikuwepo Bwana Issa, mnunuzi mdogo wa korosho na ufuta, mtu wa maneno ambaye nilikumbuka sauti yake tangu aliponisalimia. Ni yeye aliyeuliza ule usiku kama mpaka tuulipie. Nilikaribishwa kiti, mzee akatoa kikopo chake cha ugoro, akavuta, akasema, "Haya. Lina dereva?"

"Halina, mzee. Anayeliendesha yuko Marekani."

"Analionaje?"

"Linapiga picha, linamtumia. Picha zinachukua dakika nyingi kumfikia."

"Kwa hiyo akiliona shimo, gari limeshaingia."

"Ndiyo maana linakwenda taratibu sana. Kinyonga angelipita."

Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kilikuwa kicheko cha kawaida. Mzee aliuliza likikwama nani analisukuma, nikasema hakuna. Akapiga paja. "Nachingwea tulikuwa watu tele wa kusukuma, na katapila zilikwama vilevile! Visiki vinavunja, udongo ukikauka ni sementi. Wazungu walileta mashine kwanza, udongo wakauuliza baadaye." Nikamwambia hawa safari hii wametuma mashine ndiyo ikauulize udongo, kama uliwahi kupata maji. Hilo alilipenda mno. Akataka kujua linakula nini. Nikasema linakula jua, kwa vioo vilivyo mgongoni, na kwamba huko vumbi linapanda na kutua kila mahali, na vioo vikishajaa vumbi gari litakufa njaa, kwa kuwa hakuna mvua ya kuviosha wala mtu wa kuvipanguza. Mzee alipitisha kidole juu ya kope zake. Nilikuwa na furaha. Nakiri nilikuwa na furaha. Nilijiona nimerudishiwa ulimi.

Skolastika alikuwa ametoka jikoni na beseni la kunawia pale Bwana Issa aliposema, "Mwalimu, kabla hatujala, tumalizie ubishi. Mzee wetu huyu tangu mwezi wa nane anatuambia aliuona ule mwezi mwekundu. Anasema sisi wenye macho hatukuona, yeye kipofu kaona. Kila kilabuni, kila msibani, ni mwezi wake. Sasa wewe mwenyewe uko hapa. Ulikuwepo au haukuwepo?"

"Waambie," alisema Babu Damasi, na akatabasamu akiuelekeza uso wake nilipo.

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi kuliko ninavyofikiria siku ya harusi yangu. Nilikwishasema uongo mbele ya watu hawa mara moja, bila kujua. Niliapa sitasema mwingine nikijua. "Haukuwepo," nilisema. "Ilikuwa nyota. Nilisoma vibaya, nikawaita bure. Kosa ni langu, mzee hakudanganya mtu."

"Kama hakudanganya," Bwana Issa akasema, "aliona nini?"

"Aliambiwa."

Lilinitoka hivyo hivyo, neno moja, kwa nia ya kumwokoa mzee. Na mara tu lilipotoka niliona vichwa vyote vikigeuka, si kwangu, si kwa Babu Damasi, bali kwa msichana aliyesimama na beseni. Maana ni nani mwingine aliyempeleka? Tabasamu la mzee lilibaki usoni kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. "Skola?" alisema.

"Ndiyo, babu."

Hakuna aliyecheka. Hata Bwana Issa alitazama miguu yake, nadhani alikuwa ametaka mzaha, na kilichokuja hakikuwa mzaha. Mzee alikifunga kikopo chake cha ugoro, akakosa pa kukiweka, akakishika. Kisha akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mnawishe mgeni." Skolastika akapiga magoti mbele yangu, akanimiminia maji, nami nikanawa lile tope jekundu bila kumtazama. Majirani waliaga mmoja mmoja, huyu ana mbuzi, yule ana mgeni. Tulikula wawili, ugali wa mtama na kisamvu cha karanga, na sauti pekee ilikuwa ya vidole na sinia. Tulipomaliza Babu Damasi aliuliza, "Na gari? Gari nalo?"

"Gari ni kweli, mzee. Naapa."

"Sawa," alisema, kama mtu anavyomwambia sawa mtoto anayesema ameona simba. Hakuniuliza tena kitu. Alifariki mwaka ule ule, kiangazi, na gari ambalo niliambiwa lingedumu miezi michache tu lilikuwa bado linatembea kwenye vumbi lake, likatembea miaka. Skolastika alimaliza kidato cha nne na kufaulu. Darasani alijibu nilipomuuliza, kwa heshima zote, lakini yeye hakuniuliza swali lingine. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Nachingwea.

Kabla ya hayo yote, mchana ule wa Mbekenyera, Skolastika alinisindikiza hadi barabarani, maana mgeni husindikizwa hata kama amefanya nini. Tulipita katikati ya mikorosho iliyokuwa ikidondosha maji ya mvua, yeye mbele, mimi nyuma. Nilijaribu kuzungumza. Nilimwambia kwamba sikukusudia kumtaja, kwamba nilitaka tu ukweli ukae mahali pake, kwamba mzee aliaibika kwa sababu yangu na ilinipasa mimi niondoe aibu ile. Alinisikiliza hadi mwisho. Tulipofika barabarani lori lilikuwa linasikika mbali, likinguruma kwenye tope.

"Ticha," alisema, "babu hakuwa na aibu. Alikuwa na mwezi." Akatazama upande lori linakotokea. "Na ule uongo ulikuwa wangu. Ungeniachia."

Lori likafika. Nikapanda.